Gari la Baba Linauzwa

Jumatatu, 4 Machi
Limezima tena! Katikati ya njia panda, taa ya kijani inawaka, malori nyuma yangu yanapiga honi kama yamelipwa. Baba kando yangu na miwani yake myeusi, tunakwenda kliniki ya macho, naye ananifundisha: kanyaga klachi, usilivute, libembeleze. Libembeleze! Tangu macho yamwishe hashiki usukani, lakini gari bado analiendesha yeye — kwa mdomo.

Tumefika daktari keshaondoka. Eti turudi Jumamosi ya wiki ijayo. Kazini bosi kanitazama, kisha kaitazama saa.

Nimechoka. Liuzwe.

Jumatano, 6 Machi
Nimelisema mezani. Kaka kwenye simu kaniunga mkono — yuko mbali, kuunga mkono hakumchoshi. Baba kasema fanyeni mtakavyo, kisha kasukuma sahani. Mama neno moja tu: litengenezwe. Kwa nini? Litengenezwe. Nani ataliendesha? Kainuka kuosha vyombo. Mama akishafunga mdomo, ndiyo basi tena.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempelekea fundi. Nikamwambia wazi: piga rangi, safisha viti, injini usiiguse, linauzwa. Kaitikia sawa dada, macho pembeni. Huyu ana lake.

Jumatatu, 11 Machi
Yaani nyumba hii!

Nimepita gereji nikitoka kazini. Gari linang'aa kama kiatu cha bwana harusi — na injini haimo! Iko chini, vipande vipande, kwenye karai. Fundi anajitetea: dada ulisema rangi, kesho yake Mama akaja akasema injini ifunguliwe yote, na mtoto asiambiwe. Kafuata yote mawili, angefanyaje?

Mtoto! Na mvi zangu hizi.

Ndivyo tulivyo. Kwetu hatugombani hata siku moja. Kila mtu anakwenda kimya kimya kufanya lake, kisha tunakutana kwenye karai. Nimemuuliza Mama. Kanijibu hata mnunuzi atataka injini.

Jumatano, 13 Machi
Kila asubuhi Mama anakwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Leo nimekutana na huyo mgonjwa sokoni, mzima kabisa, kajitwika gunia la mkaa. Na kwa nini Mama anakwenda kumwona na raba zangu miguuni?

Sina nguvu ya kuuliza. Mnunuzi nimempata, anakuja Jumamosi. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 16 Machi
Mnunuzi kafika mapema, mtu mzima, mpole. Gari lilirudi jana, linanguruma vizuri mpaka linatia hasira. Nikamkaribisha chai kwanza.

Mama katoka chumbani kavaa raba zangu. Kachukua ufunguo msumarini, kamshika Baba mkono, kampeleka hadi garini. Kamketisha kiti cha abiria. Kisha kazunguka, kaketi kwenye usukani.

Mama! Ambaye Baba hakuwahi kumruhusu hata kushusha kioo! Kumbe jirani mgonjwa ni shule ya udereva.

"Kliniki ni leo," kaniambia. "Au ulisahau?"

Nilisahau. Kwa hamu yangu ya kuuza, nilisahau.

Baba kauliza nani ameshika usukani.

"Mimi. Funga mkanda."

Nikangoja somo la klachi. Baba kapapasa mkanda, kaufunga, kaweka mikono mapajani kama mtoto aliyeambiwa atulie. Gari likaruka, likazima, likawaka, likatoka getini polepole. Sijamsikia Baba akinyamaza ndani ya gari lile tangu nizaliwe. Nimekuja jikoni nikalia kidogo, sijui ni furaha au ni hasira.

Bado hawajarudi. Simu ya Mama hii hapa, kaiacha juu ya friji. Mnunuzi yuko sebuleni, kikombe cha tatu sasa, nami naandika hapa ili nisimtazame usoni. Sasa hivi kaita, kwa adabu zote: anaomba aongee na mwenye gari.

Nimemwambia yuko barabarani.