Moyo Tumboni mwa Nura

Qatar, Jumatano

Abaayo Halima, dada yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta hapo Waberi ukiwa mzima, wanafunzi hawajakumaliza nguvu, na mguu wa baba yetu, Aabo, umepoa. Mimi sijambo, ila jua la huku linashinda hata letu. Msomee Aabo yote kwa Kisomali, isipokuwa kisa cha mkia. Atanicheka mpaka Ramadhani.

Hapa zizini tuna farasi jike mzee, Nura. Miaka mitatu anapandwa lakini mimba haishiki, na bosi alisema asiposhika msimu huu atauzwa. Mimi ndiye ninayemlisha, nami nimempenda mno. Miezi miwili iliyopita nilimwona akiinua mkia kila dume akipita. Si unajua ngamia akiinua mkia vile huwa ana mimba? Aabo alitufundisha hivyo tangu utotoni. Nikatangaza zizi zima kwamba Nura ameshika! Basi hakupelekwa kwa dume. Siku chache baadaye msimamizi wetu, mtu wa Mandera, akanijia amefura.

"Wallahi, wewe unafikiri hii ni ngamia? Farasi akiinua mkia hana mimba, anataka bwana!"

Chakula kilinishinda. Nilijua nimempotezea Nura nafasi yake.

Ndipo daktari wa mifugo, mama wa Kisudani, akampima kwa mashine ya picha. Mji wa mimba ulikuwa umejaa maji machafu. "Hata angepandwa, mbegu ingeharibikia humo," akasema. Siku tatu alimwosha ndani kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mimi nikishika ndoo. Yalitoka kama maji ya mchele, mwisho yakatoka safi kabisa. Joto la kutaka dume lilipomrudia, akapandwa.

Leo asubuhi, karibu mwezi tangu apandwe, daktari aliniita nitazame. Kwenye kioo cha mashine niliona kitu kidogo kama punje ya haragwe, na ndani yake kitu kinametameta, kinazima, kinametameta.

"Huo ni moyo," akasema.

Subhanallah, Halima! Nimekulia nyuma ya mifugo, nimezalisha ngamia kwa mikono hii, lakini sijawahi kuona uhai ukianza. Machozi yalinitoka mbele za watu na sikuona haya.

Msalimie mama yetu, Hooyo, asituchokee kwa dua, na Abti Yusuf, mjomba wetu wa Buna, pamoja na ngamia wake wote. Sasa naenda kumpa Nura majani. Anatafuna tu, wala hajui kwamba ana mioyo miwili.

Ndugu yako akupendaye,
Abdullahi