Sumu Uliyoagiza Sijaituma

Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Novemba 2024

Mpendwa kaka Fikirini,

Shikamoo. Mnaamkaje na baridi ya Mufindi? Kifua cha wifi Amira kimepona? Na mwanangu Husna, analala bila kuniulizia? Huku tu wazima, ila mdogo wake anaota magego, na mimi usingizi nausikia kwa majirani.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi nimalize.

Najua miti yako ya paini iliungua, na ile michache iliyopona ndiyo inayodondosha mbegu. Panya wanazila, na mvua zikipita bila miche, kijiji kitampa mwingine eneo. Sikupuuzi. Nilienda mpaka kwa Ghassan, yule wa dawa za mashamba.

Akaimimina sumu kwenye mzani. Kumbe ni mahindi yaliyopakwa rangi nyekundu, kaka. Mtoto mgongoni akanyoosha mkono: "Buyu."

"Dada, huyo mgeuzie huko," Ghassan akaniambia.

Kila mzigo ninaokutumia una ubuyu wa Husna. Kwake yeye, kitu chekundu kutoka Kariakoo ni cha mama. Nawe uliniambia anakufuata shambani, anarusha mbegu za paini azione zikizunguka na vibawa vyao. Ndipo hapo uyamwage mahindi yale?

Sijanunua, wala sitanunua.

Pamoja na barua hii nimekutumia kwa basi mitego ya waya. Fyeka na zile nyasi chini ya miti, ndimo panya wanamojificha, na mbegu ipate kugusa udongo. Na yule bundi unayemfukuza kwa mawe, mwache awale panya. Najua unacheka, Sitara huyu huyu anayejifunika shuka akimsikia. Namwogopa bado. Lakini mwaka jana hapa uani tuliweka sumu, paka wa jirani yetu Mauza akala panya aliyekufa, naye akafa. "Mmeua askari," Mauza alitusuta, na panya wanafanya harusi mpaka leo.

Mbegu nyingine zitaliwa, kaka. Zitakazobaki zitaota. Mtoto haoti mara ya pili.

Kama umeshanunua sumu kwingine, irudishe dukani, kisha nipigie. Nisipokusikia hadi Alhamisi, Ijumaa napanda basi kuja kumchukua mwanangu, na tutabaki ndugu.

Mama anakusalimu, anakuombea mvua ya kiasi na miche isiyohesabika. Msalimie sana wifi.

Husna akiuliza mbona safari hii mzigo hauna ubuyu, mwambie mama atauleta mwenyewe. Na asiokote chochote chekundu mpaka nije.

Nduguyo akupendaye hata anapokukatalia,
Sitara