Kiapo cha Sinema

Jumatano, 8 Julai

Nimerudi kutoka mjini jua linazama. Onyesho la wanawake, mimi na Zuhura wa nyumba ya pili. Picha ya Bombay tena. Hizi za jiji kubwa nazipenda kuliko zote: mataa, mvua, tramu, kijana anamkana mama yake kwa sababu amevaa suti. Nimelia mpaka baibui limelowa. Za mapanga na farasi nawaachia wanaume.

Nyumbani moto umezimika, wali haujapikwa. Athumani amekaa na mama yake, wananiangalia. Sikuwa nimemuaga.

Alhamisi, 9 Julai

Jana sikuweza kuandika yote. Mume wangu aliapa, mbele ya mama yake: nikitia mguu sinema tena, talaka zangu tatu. Si moja. Tatu.

Nimekasirika. Afadhali angenitukana. Mama mkwe akaendelea kusuka ukili wake. Basi, picha kwaheri. Nimemwambia Zuhura awe anakwenda peke yake, akirudi anihadithie. Yule hajui kuhadithia, huanzia mwisho.

Jumapili, 12 Julai

Balaa. Leo lilikuja gari la wauza sabuni, wakatundika shuka jeupe uwanjani. Picha bure. Temeke nzima ilitoka. Mama mkwe, ambaye hajaona picha maishani, akashikilia kwamba lazima aone. Athumani akanipa mkeka.

"Mshike mama mkono, asije akajikwaa."

Nikamshika. Tukakaa wote watatu. Kwanza Malkia mpya wa Uingereza akivishwa taji. Kisha picha yenyewe: jiji, mjane anaosha vyombo vya watu, mwanawe ni hakimu na hamtambui. Mama mkwe akamfokea hakimu: "Mwanahizaya we, huyo si mamako!" Watu wakacheka. Athumani alikuwa anafuta machozi, nimemwona.

Hakimu alipoinuka kuhukumu ndipo nikakumbuka. Niko sinema. Nikamgeukia Athumani. Naye alikuwa ananitazama, mdomo wazi. Wote tulikuwa tumesahau. Tukatoka picha haijaisha.

Jumatatu, 13 Julai

Nimelala chumbani kwa mama mkwe. Athumani hathubutu kunisogelea. Anasema kama talaka imepita, mimi si mkewe tena, ni haramu hata kukaa naye chumba kimoja. Akitaka kitu, anamwambia mama yake, mama yake ananiambia mimi.

Zuhura anasema tunyamaze, nani atajua? Mungu je? Na talaka tatu hazina kurejeana, mpaka niolewe na mwingine na huyo naye aniache. Naogopa. Nampenda mwanamume huyu na ulimi wake mbaya. Naandika hapa kwa sababu kumwambia siwezi.

Mama mkwe analia. Anasema yeye ndiye aliyenipeleka.

Jumanne, 14 Julai

Tulitaka kwenda kumwuliza shehe kama talaka imepita, hayupo. Amekwenda Kimbiji kuzika. Nimefunga nguo zangu, nikazifungua, nikazifunga tena.

Jumatano, 15 Julai

Shehe amerudi. Tulikwenda watatu, mama mkwe mbele. Tulimkuta amechoka na safari, hana hamu na mtu. Athumani alieleza macho chini.

Shehe alimwuliza jambo moja tu: siku ile ulipoapa, moyoni mwako ulikuwa unamkataza nini?

Athumani akasema: kwenda mjini bila kuniaga.

Shehe akamwapisha. Kisha akasema haya ya uwanjani siyo uliyomkataza, tena mkeka ulimpa mwenyewe. Talaka haikupita. Mchukue mkeo. Halafu akamgombeza kama mtoto wa chuo cha Kurani: talaka si neno la kutishia watu kwa sababu ya wali.

Mama mkwe akapiga kigelegele palepale, mbele ya shehe. Nikakaa kizingitini. Alhamdulillahi. Sina neno jingine. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 16 Julai

Kumetulia. Nguo zimerudi sandukuni.

Asubuhi Athumani amekunywa uji, akakunja uso. Amesema una mabonge, tena chumvi imezidi, nilikuwa nawaza nini? Tangu Jumapili hakuthubutu kunilaumu kwa lolote. Alikuwa na adabu kama mgeni. Nikamwambia kesho nitaukoroga vizuri. Akaondoka kwenda kazini huku bado analalamika, nami nikabaki jikoni nimeshika bakuli lake, namsikiliza mpaka njiani.