Mawe ya Hamisi

Msambweni, Jumatano

Mimi nina masikio kumshinda pomboo. Kaa akikohoa chini ya mwamba, mimi ndiye wa kwanza kumwambia pole.

Leo nilikwenda kuzamia pweza na Hamisi, mtoto wa ami. Kawaida yetu, mwenye shida hugonga mawe mawili chini ya maji, maana juu mawimbi ya mwambani humeza ukelele wowote. Lakini Hamisi namjua. Mara ngapi amegonga, nikaacha tundu kumtafuta, kumbe amezunguka nyuma anamchokoa pweza wangu!

"Maji mafupi haya, zuzu wewe," hunicheka. "Mlio unadunda huku na huku, hutajua niko wapi."

Kweli hujui. Mlio wa jiwe majini hauna upande. Hujaa kichwani kana kwamba mgongaji amekaa humo ndani.

Kwa hivyo leo alipogonga nilijisemea: hunipati tena, mwizi wewe. Nikalinda tundu langu. Akagonga tena, na tena. Nilipoibuka kuvuta pumzi sikumwona, nikazidi kumshuku.

Nilimkuta nyuma ya mwamba, ameukumbatia, mwiba wa samaki taa umemzama pajani na damu imetapakaa.

Sasa amelazwa, hajasema neno. Mamake aliniuliza, "Mwanangu, hukusikia akikuita?"

"Wallahi sikusikia, mama. Bahari ilikuwa na kelele."



Nilisikia mapigo yote ya mawe. Hata yale ya mwisho, yalipokuwa yakipungua nguvu.