Kijito Nilichokiogopa Mlimani

Mjukuu wangu Halima,

Huku Wenje hatujambo. Bibi yako bado anakataa maji ya mfereji, anachota ya mto. Umeandika kwamba utapanda Mlima Kenya, ukauliza kama niliogopa nilipoupanda ujanani, nikibeba mizigo ya wageni.

Niliogopa mara moja. Siku ya tatu, msituni, kiongozi wetu aliruka kijito cha hatua moja. Mimi nikasimama, nikapiga maji kwa fimbo kufukuza mamba, kama tufanyavyo nyumbani. Alicheka hadi akakaa chini.

"Mamba atoke wapi huku? Maji haya ndiyo yanakwenda kuwa Tana yenu!"

Hata leo mto ukifurika mashambani, naukumbuka ulivyokuwa mtoto.

Ukifika kwenye kijito hicho, mama, usiteme mate. Bibi yako atayachota.

Babu yako