Barabara Ingali Wazi kwa Jina Lako

Kaka Hiza,

Sijui nianze na shikamoo au na pole. Ulipokuwa hai uliikataa shikamoo yangu, ukasema inakuzeesha, kwa hiyo naiacha. Nakuandikia kutoka ofisini kwetu, juu ya duka la mbegu, nikiwa kwenye kiti changu. Chako hakijakaliwa na mtu. Wanaopanda kuomba chaji ya simu wanakizunguka, wanakaa juu ya ndoo.

Mvua haijakatika vizuri tangu tukuzike. Ile ya kawaida ya Lushoto unaijua, inanyesha, jua linachungulia, watu wanaanika nguo. Hii haimpi mtu nafasi ya kuanika. Ukuta wa nyuma ya meza yako umeota kuvu, na huko juu ya Soni mlima umeanza kushuka barabarani kipande kwa kipande. Barabara hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Ulikufa ghafla mno. Presha, walisema, mtu mwembamba kama wewe. Asubuhi ulikuwa unanitania kwamba naandika programu kama mtu anayepalilia gizani, jioni naambiwa niwahi hospitali, na nilipofika tayari mama yako ameketi sakafuni. Nilikasirika, kaka. Bado nina hasira na wewe. Uliniachia kazi yote ikiwa inaendelea kutembea yenyewe.

Hili unalijua kuliko mimi, ila siku hizi nalazimika kulieleza kwa kila mtu hadi nimelizoea. Tovuti zetu zote, ya wakulima wa mboga wa Shume, za nyumba za wageni za Irente, ya madereva wa malori, zinakaa kwenye jukwaa moja. Ulichoka kuingia kwenye kila tovuti kuweka plagini, vile viongezo vya kazi, na kubadilisha thimu, yaani sura yake. Ukaandika moduli, programu ndogo inayojiendesha. Wewe unaziweka thimu na plagini kwenye ghala lako la mtandaoni, na kila alfajiri moduli inazibeba na kuzisambaza kote. Ikikuta kitu kisichokuwemo ghalani, inakitoa. Ikikuta kitu kimebadilishwa, inakirudisha kilivyokuwa. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza ulikula muhogo wangu wote kwa furaha. "Upendo," ulisema, "hii haisahau na haichoki."

Na kwenye tovuti ya madereva, juu kabisa, uliweka ule mstari wa kijani. Barabara ya Mombo hadi Lushoto: WAZI. Chini yake, imethibitishwa na Hiza, halafu tarehe ya leo inayojiandika yenyewe. Kila asubuhi ulikuwa unampigia Mama Shangwe, yule anayeuza chai Soni, unamuuliza kama malori yanapita, ndipo unaandika wazi au imefungwa kwa mkono wako ndani ya thimu. Nilikuomba uifanye plagini ambayo hata mimi ningeweza kuibadilisha kirahisi. Ukasema hii ni ya muda tu, tutaitengeneza vizuri mvua zikiisha. Siku uliyokufa barabara ilikuwa safi, ukaandika wazi.

Baada ya mazishi nilimpigia Mama Shangwe mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, udongo umeshuka, hata pikipiki wanazibeba." Nikaingia kwenye tovuti, nikaandika imefungwa kwa rangi nyekundu. Kesho yake asubuhi ilikuwa kijani. Wazi, jina lako, tarehe ya siku hiyo. Nikadhani nilisahau kuhifadhi. Nikaandika tena, nikahifadhi, nikapiga na picha ya skrini. Asubuhi ikawa kijani. Nikautoa mstari wote. Asubuhi ukawa umerudi mahali pake.

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu, unanijua. Najua kabisa ni moduli, ilikuwa inarudisha kilichomo ghalani kwako kama ulivyoifundisha. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kufungua kompyuta peke yako ukakuta marehemu amekufuta tena ni kitu kingine. Nilianza kuja ofisini nikiwa nimekwisha ogopa tangu kwenye ngazi.

Funguo za ghala zilikuwa ndani ya kompyuta yako. Neno la siri nalijua, ulinipa mwenyewe, ila mashine yenyewe mjomba wako aliifungia kwenye sanduku la bati huko Shume pamoja na nguo zako. Niliwaandikia wale tuliokodi seva kwao. Wakajibu kwa adabu kwamba mwenye akaunti awasiliane nao mwenyewe. Nilicheka hadi nikalia.

Nikaenda Shume kwa mjomba. Nilimwamkia, nikakaa nilipoonyeshwa, nikaeleza yote. Akanisikiliza bila kunikatiza. "Binti yangu," akasema, "vitu vya marehemu havifunguliwi kabla ya arobaini. Tukianza kupekua leo, kesho tutagombana." Simlaumu. Uliwahi kunisimulia jinsi ndugu zake walivyokosana kwa sababu ya shamba la babu yako, na mpaka leo wengine hawasalimiani. Hapo ni kwao, mimi si ndugu, wala si wa dini yenu. Nilishukuru, nikaondoka.

Niliandika kwenye makundi ya simu ya madereva. Wa hapa juu walinisikia. Wa mbali hawakunisikia, kwa sababu hawajui kwamba umekufa. Mmoja alinijibu, "Dada, Hiza hajawahi kutudanganya," akaweka na kicheko. Nikamwandikia kwamba Hiza amefariki. Akaniambia si vizuri kumtania mtu hivyo, jina lake liko pale na tarehe ya leo.

Halafu akaja dereva mmoja wa Muheza. Mchana, mvua inanyesha, nikasikia hatua nzito kwenye ngazi, na mlangoni akasimama mtu mwenye matope hadi kifuani. Alikuwa anapandisha machungwa kwa Fuso. Kwenye kona ya juu ya Soni aliukuta udongo umejaa njia nzima, akakanyaga breki, gari likateleza, likaishia na magurudumu ya mbele hewani. Yeye na tingo wake waliruka. Gari likabaki limening'inia kidogo, kisha likaenda bondeni na machungwa yote.

Hakuja kugombana, na hilo ndilo lililoniumiza. Alimuulizia Hiza. "Nataka nimwone tu anieleze," alisema. Nikamwambia Hiza alikwisha zikwa. Akaitazama simu yake, akakitazama kiti chako, akaitazama simu tena.

"Basi aliyeandika leo asubuhi ni nani?"

Nilimkaribisha chai, akakataa, akashuka ngazi taratibu akishika ukuta.

Sikusubiri. Nilifunga ofisi nikaenda Shume siku ile ile, na safari hii sikwenda kwa mjomba, nilikwenda kwa mama yako, anayekaa naye nyumba moja. Nilimkuta kibarazani na simu mapajani. Wewe hujui hili, kaka. Kila asubuhi anamwomba mtu amfungulie ile tovuti ya madereva, halafu analisoma jina lako polepole kwa kidole. Akishalimaliza anasema, "Ameamka," ndipo anakwenda kuwasha moto. Anajua umekufa, alikuosha kwa machozi kuliko sisi sote. Lakini ana asubuhi hizo.

Nilimweleza habari ya Fuso. Nilimweleza kwamba mashine yako haijui kama umekufa, na kwamba itaendelea kusema wazi hadi gari lishuke na watu. Aliigeuza simu mapajani, kioo chini. Kisha akaniuliza, "Nikikufungulia, jina lake litatoka?"

Nikamwambia, "Litatoka, mama."

Akaingia ndani, akachukua jembe, akaipiga kufuli ya lile sanduku mwenyewe. Aliipiga vibaya, akaumia kidole, sikuthubutu kumsaidia. Akaitoa kompyuta yako katikati ya mashati, akaipangusa kwa kanga yake, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikaa karibu na banda la kuku, ndiko mtandao unakoshika. Nikaingia ghalani kwako. Nikaandika imefungwa, nyekundu. Nikalitoa jina lako kwenye thimu, nikaamuru moduli isambaze. Ilifanya haraka kama ilivyokuwa ikifanya kwako, bila kuuliza. Mama yako alinipa simu yake nimfungulie upya. Alitafuta kwa kidole, juu, chini, juu tena. Kisha akaizima.

"Sasa amekufa," akasema.

Mjomba alirudi, akaiona kufuli chini. Alinawa miguu akaenda msikitini, na tangu hapo hapokei simu yangu. Nasikia anasema tumekusumbua huko uliko. Pengine ni kweli. Huku nako Mama Shangwe amenipigia sasa hivi, anasema juu ya ile kona ardhi imefanya ufa, unaingia mkono mzima, na mawingu yanazidi kushuka.

Kesho alfajiri moduli itajiendesha yenyewe kwa mara ya kwanza tangu niiguse. Najua kilichomo ghalani, nimekikagua mpaka macho yameniuma, na bado naogopa kuamka nikute kijani. Wapo watu wanaopakia mizigo saa hizi, na wataangalia mstari ule kabla ya kuwasha magari.

Nakuahidi hivi. Nitampigia Mama Shangwe kila asubuhi, na sitaandika wazi mpaka nimesikia sauti ya mtu aliyeiona barabara kwa macho yake. Chini yake nitaandika jina langu, ili akija mwingine mwenye matope mlangoni, anikute mimi. Na mama yako nitakuwa nampigia asubuhi hizo hizo, nimwambie nimeamka. Haitatosha, najua.

Pumzika, kaka yangu. Nakupenda, na leo nakuogopa. Kazi yako nimeichukua. Usinirudishie kama ilivyokuwa.

Upendo