Umeandika Tulivyonyamaza?

Shangazi,

Nimeandika shikamoo, nikaikata, nikaiandika tena. Sijui kama aliye kaburini huamkiwa. Basi shikamoo, Shangazi. Mimi sijambo, ila nimechoka.

Juzi tumesoma arobaini yako. Leo niko ofisini peke yangu, Katibu Kata amekwenda Misima kukagua mashamba. Nimerudishia dirisha ili mpita njia asinione nikiandika mambo yangu kwenye karatasi ya serikali. Unanijua. Hata karatasi moja naiogopa.

Nikupe habari za nyumbani kwanza. Kuku wako mweupe ametotoa saba, kicheche amechukua wawili. Jembe lako la mpini mfupi amelichukua Baba Mdogo, sikuweza kumkatalia. Mvua ilinyesha siku mbili ikaacha, mahindi yamesimama kama watu waliosahau walikokuwa wakienda. Bada ya muhogo bado nasonga ya watu wawili. Mkono haujajifunza.

Daftari lako la kisomo cha watu wazima ninalo. Ukurasa wa mwisho umeandika jina lako mara kumi na moja, na la kumi na moja limenyooka.

Sasa nikwambie lililonikalisha hapa. Nalizungukazunguka, kama ulivyokuwa ukisema, "Mtoto huyu akitumwa chumvi atapitia kwanza kwenye sukari."

Ni habari ya zahanati.

Unakumbuka ninyi akina mama wa kikundi mlivyopachagua pale bondeni, karibu na kisima, katikati ya vitongoji vyote. Mlipapima kwa miguu yenu. Mlisema mwanamke mwenye uchungu asitembee zaidi ya muda wa chungu cha maharage kuchemka. Viangazi viwili mlibeba mawe na mchanga vichwani, kila Alhamisi, kikundi kizima, na wewe mwenyekiti ukiwa mbele. Wageni walipokuja siku za sherehe mlicheza ngoma ya selo mkiwa na vumbi la mchanga shingoni. Wakati ule nilijivuna kuwa karani wa kata na katibu wa kikundi chenu. Msichana niliyetoka shule ya bweni Korogwe na viatu vya ngozi, mkanipa kalamu kama mnavyompa mtoto aliyetahiriwa zawadi.

Halafu ikaja kauli kwamba zahanati ijengwe kule barabarani, ambako magari yanapita na viongozi wataiona. Kutoka bondeni ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima asiye na mimba. Mgeni kutoka wilayani Handeni akaja kutueleza.

Usiku wa kuamkia siku ile hukulala, ulikuwa ukipita nyumba kwa nyumba. Asubuhi ukaniambia, "Leo hatupigi kigelegele hata kimoja. Mwanamume akikataa hupiga meza. Sisi meza hatuna."

Nililielewa hilo tangu utoto. Kwetu mwanamke hanyooshi kidole mbele ya mgeni akasema hapana. Mgeni akisema neno jema, akina mama wanapiga vigelegele, na hapo limepita. Wakinyamaza, limekwama, na kila mzee aliyekaa mbele analijua bila kugeuza shingo. Kigelegele ndiyo kura yenu.

Mgeni alisema, akasema, akamaliza. Akangoja. Nakumbuka kuku akipita katikati ya mkutano na watu wote wakimtazama yeye. Mgeni akacheka, akauliza, "Akina mama leo mmekula nini? Mbona ndimi zimekuwa nzito?"

Bi Rukia, makamu wako, akajibu bila kuinua macho, "Tumekula bada ya jana, Ndugu mgeni. Imetukaba."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akajificha kwenye kofia yake. Wewe hukucheka. Ulikaa umeshika shavu, umefunga mdomo kama mtu mwenye maji kinywani asiyotaka kuyameza. Nyuma yako wanawake arobaini na kitu, kimya. Sijawahi kusikia kitu kikubwa kama kile kimya.

Na mimi, Shangazi, muhtasari wa mkutano ule nilikuwa nimeuandika tangu siku iliyotangulia.

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Katibu Kata aliniambia wiki yangu ya kwanza, "Binti, mikutano yote inafanana. Piga chapa mapema, acha mapengo ya majina na idadi ya watu. Siku ya mkutano unajaza tu." Nikaona huo ndio ustadi. Mistari ya mwisho sikuwa hata nikiitazama tena, vidole vilikuwa vimeizoea: *Wananchi walipokea azimio kwa furaha na akina mama walilipitisha kwa vigelegele.*

Mkutano ulipokwisha, Landrova ilikuwa inanguruma. Mgeni alisema karatasi aondoke nazo. Nilizishika mkononi. Niliuona mstari ule. Kalamu ilikuwa hapa, kwenye nywele. Ningeukata mstari mmoja tu. Katibu Kata akasema, "Haraka, binti, mkubwa anachelewa," nami nikagonga muhuri.

Nimejaribu kuiita kosa la kazi. Kosa ni mtu asipoona. Mimi niliona.

Jioni ile ulikuwa unapepeta mtama uani. Uliniuliza, "Umeandika tulivyonyamaza?"

Nikasema, "Nimeandika."

Ukaendelea kupepeta. Ukasema, "Basi. Wataona wenyewe." Ukaimba kidogo, wewe ambaye sauti yako ilikuwa kama mlango mbovu.

Laiti ungeuliza mara ya pili. Hukuuliza, kwa sababu hukuwa na desturi ya kuuliza mtu wako mara mbili. Kuanzia hapo, kila gari lililotimua vumbi ulisimama mlangoni ukakinga jua kwa kiganja. "Labda majibu ya Handeni." Gari la mkaa. "Labda hili." Gari la pamba. Mimi nilikuwa nakutazama mgongo.

Ukaugua. Tukakubeba kitandani mpaka barabarani, wanaume wanne wakipokezana, na tulipopita bondeni ulifungua macho ukatazama rundo la mawe, ukasema, "Yasichukuliwe na watoto kuchezea." Hilo ndilo neno la mwisho ulilonena likaeleweka. Lori likatufikisha hospitali Korogwe. Siku ya tatu ukatuacha. Waganga walifanya walichoweza, sina wa kumlaumu kule. Ninayemlaumu nimekaa naye hapa.

Umekufa ukiniamini, Shangazi. Watu huwa wanaona hiyo ni faraja.

Barua ya wilayani ilifika siku ya kumi na mbili baada ya mazishi. Niliisoma mimi mwenyewe mbele ya kikundi, ilikuwa kazi yangu. Ilisema kwa kuwa akina mama wenyewe walilipitisha azimio kwa vigelegele, mawe na mchanga vihamishiwe barabarani kwa nguvu za wananchi.

Bi Rukia akauliza, "Vigelegele vya nani?"

Akageuka, akawatazama mmoja mmoja. "Nauliza. Nani alipiga?"

Ningesema palepale. Nilikunja barua. Nikaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti.

Ikawa lazima apatikane aliyepiga, na akapatikana. Wakamwangukia Mama Hoza. Unajua alivyo, kigelegele chake kinasikika mpaka ng'ambo ya mto. Halafu ni Msambaa, ameolewa tu hapa, na shemeji yake ana kiti katika Chama. Bi Rukia akasema, "Wa milimani hana uchungu na bonde letu." Mama Hoza akasema, "Nilikaa pembeni yako, Rukia. Bega langu lilikuwa kwenye bega lako. Ulisikia nini?" Bi Rukia akasema, "Masikio yangu yalikuwa kwa mgeni."

Tangu hapo kisimani Mama Hoza anateka maji wa mwisho. Akifika, wengine wanakumbuka kwamba wameacha moto. Alhamisi walikuwa wakija thelathini, wakaja kumi na tano, wakaja tisa. Mawe yako bado yako bondeni. Mbuzi wanapanda juu yake. Hakuna anayeyahamisha na hakuna anayeyajenga.

Kwenye arobaini yako walikuja wote, maana ni wewe. Wanawake walikaa kwa mafungu wakimenya muhogo, vicheko vidogovidogo, unajua kazi ya shughuli ilivyo. Mama Hoza alikaa peke yake kando ya tenga, anamenya. Peke yake alikuwa amemenya mingi kuliko fungu zima. Mtoto wake mdogo akamwuliza kwa sauti, "Mama, kwa nini sisi hatukai kule?" Akamjibu, "Kule kuna moshi, mwanangu." Hakukuwa na moshi.

Nikaweka chini sahani niliyoshika. Niliogopa, Shangazi, nisikudanganye tena. Nilijua Katibu Kata akipata habari nimeharibu muhtasari wa serikali, kazi sina. Nilijua pia kwamba watanitazama kama walivyokuwa wakimtazama yule. Nikasema, "Bi Rukia, naomba watu wanisikilize." Visu vikaendelea kumenya. Nikasema tena.

Niliwaambia yote. Kuandika kabla ya mkutano. Landrova. Muhuri. Nikawaambia na ulivyoniuliza ukipepeta mtama, na nilivyokujibu.

Walinyamaza.

Nadhani unajua walivyonyamaza.

Aliyesema kwanza ni Bi Rukia, na hakusema na mimi. Alikwenda mpaka kwenye tenga, akakaa chini, magoti yake yakalia. Akachukua kisu. Akamwambia Mama Hoza, "Sogeza muhogo huo, unamenya kama unakwenda kuuza." Mama Hoza akausogeza. Akasema, "Masikio yamerudi?" Bi Rukia akasema, "Yamerudi. Yalikwenda matembezi." Wakamenya. Sikuona wakikumbatiana wala nini. Mama Hoza alikuwa analia bila kufuta, na kisu hakikusimama.

Kwangu hawajarudi. Bi Rukia aliniambia baadaye, akiosha mikono, "Shangazi yako alikuwa anasema karani wangu, karani wangu, mpaka tunachoka. Kesho uje na hiyo mashine yako ya chapa."

Jana nikaibeba kichwani mpaka kwako uani. Walikuja ishirini na nane. Nikauliza niandike nini. Bi Rukia akasema, "Andika ilivyokuwa. Na kuku wetu yule aliyepita, kama anataka kuandikwa, mwandike." Nikaandika neno kwa neno, wao wakisema, mimi nikipiga. Waliniambia niandike na la kwangu pia, kwamba karani aliandika yasiyokuwepo. Vidole vilisimama kwenye mstari huo. Hawakunisaidia, wala hawakuniharakisha. Walingoja.

Nilipomaliza, nikataka kuwasomea. Bi Rukia akainua kiganja. "Wewe umeshatusomea vya kutosha. Tusomee, Mama Hoza."

Mama Hoza ndiye wa kwanza katika darasa lenu la kisomo, umesahau mlivyokuwa mkigombea chaki? Akaweka kidole kwenye karatasi, akaenda polepole. *A-ki-na ma-ma wa-li-nya-ma-za.* Akarudia kwa mara moja, bila kukata. *Akina mama walinyamaza.* Wazee wawili waliokuwa wakipita nje ya ua walisimama.

Wakatia sahihi. Hakuna aliyeomba wino wa kidole gumba, hata mmoja. Kila mmoja aliandika jina lake, wengine wakitoa ulimi kama watoto wa darasa la kwanza. Palipo na neno Mwenyekiti hakuna aliyetaka kuandika. Bi Rukia ameshika nafasi yako, lakini alisema kiti anaweza kukalia, mstari hawezi. Niliuacha wazi. Sikujaza kitu, Shangazi. Nimejifunza pengo lisilo langu nisilijaze.

Kesho alfajiri natembea mpaka barabarani nipate basi la Handeni. Bi Rukia na Mama Hoza wanakwenda nami. Nilisema naweza kwenda peke yangu. Mama Hoza akasema, "Tunajua unaweza. Tunakwenda kuona unavyoweza." Nimestahili.

Sijui watasemaje kule. Pengine zahanati itajengwa barabarani vilevile, na mawe yatahamishwa, na mimi nitarudi kushika jembe ambalo Baba Mdogo amelichukua. Barua ya Katibu Kata nimeiandika na kuiacha mezani pake, nikimweleza nilichofanya, kabla hajaambiwa na mwingine. Nimeisoma mara sita kutafuta makosa. Sijawa jasiri, usije ukawaringia watu huko. Ila nimechoka kuogopa vitu viwili kwa pamoja, kufukuzwa kazi na kugundulika, nikaona nibaki na kimoja.

Ninachokuahidi ni kidogo. Kama watanibakiza kwenye kiti hiki, au kama kikundi kitanipa tena kalamu hata baada ya miaka, sitaandika mkutano kabla watu hawajaketi. Nitangoja waseme. Wakinyamaza, nitangoja hapo pia. Na Alhamisi hii, kazi iwepo isiwepo, nitakwenda bondeni kuwafukuza mbuzi kwenye mawe yako.

Karatasi hii nitaiweka ndani ya daftari lako, baada ya jina la kumi na moja. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pasipo vumbi la magari, usije ukawa unasimama mlangoni.

Uliniuliza jioni ile, nami nikakujibu vibaya. Naomba nikujibu tena.

Nimeandika, Shangazi. Nimeandika mlivyonyamaza.

Mimi,
karani wako.